Mchora hadithi za picha: mtu mmoja, kalamu moja, ukurasa kwa wiki

Na Mwandishi Wetu

Askari aliyepata kusimama lindo usiku katika mji wa Kigali anaujua utulivu wa vilima vyake. Baada ya saa sita za usiku magari hupungua barabarani, mbwa hunyamaza, na taa za nyumba huzimika moja baada ya moja kuanzia Kacyiru hadi Nyamirambo. Hata hivyo hubaki daima taa chache zisizozimika. Moja huenda ikawa ya mama anayeuguza mtoto. Nyingine huenda ikawa ya mwanafunzi anayengojea mtihani. Na nyingine, ndugu msomaji, huenda ikawa ya mtu aliyeinamia karatasi, mkononi ana penseli, kando yake kichupa cha wino mweusi, naye anachora kwa mara ya nne uso uleule wa mtu mmoja kwa kuwa mara tatu za kwanza uso huo haukusema kweli.

Mtu huyo ni mchora hadithi za picha, zile ambazo wengine huziita katuni na wengine vibonzo. Yeye ni mchoraji huru, hana mkuu wa kazi, hana mshahara wa mwisho wa mwezi, wala hana paredi ya asubuhi. Watu wengi, na sisi tuvaao sare tukiwamo, tumezoea kumhesabu katika kundi la watu wa mchezo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi yake ni kazi ya nidhamu, na kwamba katika nchi hii ya Rwanda imebeba jambo zito mno kuliko mchezo.

KAZI YENYEWE

Hadithi ya picha ni masimulizi yaendayo kwa visanduku. Kila kisanduku hubeba tendo moja, na maneno ya wahusika huandikwa ndani ya viputo vilivyo juu ya vichwa vyao. Msomaji hutoka kisanduku kimoja kwenda kingine kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe, na akili yake mwenyewe ndiyo hujaza nafasi iliyo kati ya jiwe na jiwe. Hapo ndipo ilipo siri ya sanaa hii. Mchoraji akiweka mawe mbali mno, msomaji huanguka majini. Akiyaweka karibu mno, msomaji huchoka.

Katika nyumba kubwa za uchapishaji za Marekani kazi hii hugawanywa kama kazi ya kikosi. Mmoja hutunga, wa pili huchora kwa penseli, wa tatu hupitisha wino, wa nne hutia rangi, wa tano huandika maneno katika viputo, na juu yao yuko mhariri. Mchoraji huru hufanya yote hayo peke yake. Yeye ndiye kamanda na ndiye kuruta, ndiye dereva na ndiye mpishi. Kazi ikiharibika hana wa kumlaumu, na kazi ikifaulu mara nyingi hana wa kumpigia saluti.

KALAMU ILIKUWA MKONONI MWA NANI?

Tarehe 5 Juni 1930, mjini Brussels, gazeti dogo la watoto liitwalo Le Petit Vingtième, lililokuwa likitoka kila Alhamisi, lilianza kuchapisha kisa cha mwandishi wa habari Tintin akisafiri nchini Kongo. Mchoraji alikuwa Georges Remi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Hergé, kijana wa miaka 23 ambaye hakuwa amekanyaga ardhi ya Afrika. Kila wiki alitoa kurasa mbili, bila kukosa, hadi Juni 1931. Kwa upande wa bidii mtu hawezi kumnyima sifa. Lakini Mwafrika aliyechorwa katika kurasa zile alikuwa kama mtoto aliyekua mwili bila kukua akili, anayestaajabia kila neno la mgeni. Wakati huo Rwanda na Burundi nazo zilikuwa chini ya utawala wa Ubelgiji, na picha ile ndiyo iliyowafundisha watoto wa Ulaya kutuona hivyo kwa miaka mingi.

Kalamu ilichukua muda kuhamia mikono mingine. Nchini Kenya, Edward Gitau alianza mwaka 1955 kumchora Juha Kalulu, mtu mwenye kujitia ujanja ambao kila mara humrudia mwenyewe, na baadaye wasomaji wa gazeti la Taifa Leo wakaishi na Juha huyo kwa miongo mingi. Nchini Tanzania, Christian Gregory alianza mwaka 1967 kumchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na kwa mzee yule wasomaji waliyaona makosa ya jamii yao wakacheka huku wakijifunza. Hapa Rwanda, jarida la vijana la Hobe lilianza kutoka mwaka 1954 kwa lugha ya Kinyarwanda, na vizazi kadhaa vya watoto vikajifunza kusoma kwa kulipitisha jarida moja katika mikono kumi.

Tuangalie jambo moja ambalo wachoraji hao walilishika kwa pamoja. Hakuna aliyengoja siku ya kujisikia vizuri. Gazeti lilikuwa na saa yake, na saa ile ndiyo iliyowafanya kuwa mafundi. Gitau na Gregory walijifunza kazi kwa kuifanya, leo ukurasa mbaya, kesho ukurasa wa nafuu, mwaka ujao ukurasa mzuri. Wanyarwanda husema: Buhoro buhoro ni rwo rugendo, yaani polepole ndiyo safari yenyewe.

KALAMU ILIPOGEUZWA SILAHA

Hatuwezi kuzungumzia michoro katika Rwanda tukaruka sura hii. Mwaka 1990 Hassan Ngeze alianzisha gazeti liitwalo Kangura. Pamoja na maneno yake ya sumu, gazeti hilo lilitumia vibonzo. Binadamu alichorwa kwa namna ya kuchukiza ili msomaji azoee kumchukia kabla ya kumgusa. Asiyejua kusoma vizuri hakuhitaji kusoma, kwani picha ilimtosha. Kazi hiyo chafu ilitangulia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliyoanza Aprili 1994 na kuteketeza zaidi ya watu milioni moja katika muda wa siku mia moja.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilimtia Ngeze hatiani Desemba 2003 na kumhukumu kifungo cha maisha. Katika rufani, Novemba 2007, kifungo hicho kilipunguzwa kikawa cha miaka 35. Ni miongoni mwa hukumu chache duniani zilizotamka waziwazi kwamba mtu aliyeketi mezani na kalamu anaweza kuwa na damu mikononi sawa na yule aliyesimama barabarani na panga.

Kwa sababu hiyo, Mnyarwanda yeyote aliyeshika penseli baada ya Julai 1994 hakukuta karatasi nyeupe. Alikuta karatasi iliyokwisha kuchafuliwa na waliomtangulia. Ilimpasa kwanza kuwarudishia watu nyuso zao.

KITABU CHA MWAKA 2004

Mmoja wa waliobeba mzigo huo ni Rupert Bazambanza, aliyezaliwa Rwanda mwaka 1975 na kunusurika mauaji ya kimbari akiwa kijana wa miaka kumi na minane au kumi na tisa. Mwaka 1997 alihamia Montreal, nchini Kanada. Kule, mbali na vilima vya kwao, katika nchi ya theluji na ya watu wasioujua mtaa aliokulia, aliketi akachora.

Aprili 2004, miaka kumi baada ya mauaji, Rwanda ilifungua Ukumbusho wa Gisozi hapa Kigali, mahali ambapo zaidi ya watu 250,000 wamezikwa kwa heshima. Mwaka huohuo kitabu cha Bazambanza kilitoka Montreal kwa lugha ya Kifaransa, kwa jina la Sourire malgré tout, yaani Kutabasamu Licha ya Yote. Baadaye kilitafsiriwa kwa Kiingereza. Hakikutoka katika nyumba kubwa za katuni za Ubelgiji na Ufaransa ambazo zina wahariri, watangazaji na fedha. Kilitoka katika jasho la mtu mmoja aliyeamini kwamba kisa kile hakiwezi kungoja.

Hakuchagua kusimulia habari zake mwenyewe. Alichagua kusimulia habari za majirani zake, familia ya Rwanga ya hapa Kigali, ambayo mama yake, Bi Rose, ndiye peke yake aliyebaki hai. Mume alikwenda na watoto walikwenda. Msomaji anayekifungua kitabu hicho hakutani kwanza na maiti. Hukutana na nyumba yenye vijana wanaocheka, wanaosoma, wenye marafiki na mipango ya maisha. Ndipo anapofahamu ni kitu gani hasa kilichouawa.

Ndugu msomaji, fikiri uzito wa kazi hiyo. Kila alipotaka kuchora ukurasa mpya, mchoraji alilazimika kuwafufua kwa penseli watu aliowajua, akawapa nguo zao, kicheko chao na namna yao ya kusimama mlangoni, naye anajua ukurasa wa mwisho unawangoja wapi. Tena alijua kwamba yuko mama mmoja aliye hai ambaye atakifungua kitabu hicho na kutazama uso wa mwanawe. Mhariri mkali kuliko huyo hayupo duniani.

Kabla yake, mwaka 2000, Mbelgiji Jean-Philippe Stassen alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake Déogratias kuhusu mauaji hayo. Baadaye Pat Masioni, mzaliwa wa Kongo aliyesoma sanaa Kinshasa na kukimbilia Ufaransa, alichora Rwanda 1994 katika juzuu mbili, ya kwanza mwaka 2005 na ya pili mwaka 2008. Vitabu hivyo vina heshima yake. Lakini sauti ya jirani anayewasimulia majirani ina uzito wake wa peke yake, kama vile ushahidi wa aliyeona unavyotofautiana na ripoti ya aliyesikia. Askari polisi yeyote anaifahamu tofauti hiyo.

WIKI YA KAZI

Sasa tutazame wiki ya mchoraji huru inavyokwenda. Siku zinaweza kuhamishwa na kila mtu kwa kadiri ya nafasi yake, hasa kwa kuwa wengi wao hufanya kazi nyingine mchana ili wapate chakula. Lakini hatua zenyewe hazihamishiki. Tuchukue mfano wa ukurasa mmoja tu: mama na watoto wawili wanakaribia kizuizi cha barabarani, mwaka 1994.

Siku ya kwanza ni ya mswada. Mchoraji hachori kitu. Huandika kwa maneno ya kawaida nini kitatokea katika kila kisanduku, nani yupo, anasema nini, na msomaji ajue nini anapofika mwisho wa ukurasa. Ofisa aliyepata kuandika amri ya operesheni atalielewa jambo hili barabara. Ni bora kugundua kosa mezani kuliko kuligundua medani. Mstari mmoja wa mswada hufutwa kwa sekunde moja. Kisanduku kilichokwisha kutiwa wino hugharimu usiku mzima.

Siku ya pili ni ya kuuliza. Kizuizi kilijengwa kwa nini, kwa magogo au kwa makreti ya bia? Jua lilikuwa upande gani? Walikuwapo watu wangapi, na ni nani aliyekuwa akiangalia vitambulisho? Mchoraji humwendea shahidi, au hurudia aliyoyaandika wakati wa mazungumzo yaliyopita. Hapa pana ugumu ambao haumo katika kitabu chochote cha kufundisha kuchora. Mwandishi wa maneno anaweza kusema tu kwamba kulikuwa na kizuizi. Mchoraji hana ruhusa hiyo, kwa maana penseli yake lazima iamue kila gogo na kila mkono. Basi humlazimu kumuuliza shahidi mambo madogo, na mambo madogo ndiyo yanayouma. Mchoraji mwema hujua wakati wa kuifunga daftari, akanywa chai na mwenyeji wake, akarudi wiki nyingine.

Siku ya tatu na ya nne ni za penseli. Kwanza huchora ukurasa mdogo sana, ukubwa wa kiganja, ili aone mpangilio wote kwa mara moja. Kisha huchora ukurasa kamili. Ndipo anapokutana na uamuzi mkubwa: achore nini na asichore nini? Mtoto anaweza kukisoma kitabu hicho, na mama aliyefiwa pia. Kuchora kila jeraha ni kumtesa aliyebaki. Kutochora kitu ni kumsaidia anayekana. Wachoraji wengi wenye hekima huchagua kitu kidogo kisimamie kikubwa, kama kiatu kilichobaki barabarani, au mlango uliokuwa umefungwa ukurasa uliopita na sasa uko wazi.

Siku ya tano ni ya wino. Mkono haupaswi kutetemeka. Wengi huifanya kazi hii usiku, wakati watoto wamelala na mtaa umetulia, na ndiyo taa ile ambayo mlinzi wa zamu huiona ng'ambo ya bonde.

Siku ya sita ni ya maandishi. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, kwanza mchoraji hutoka pamoja na wananchi wenzake kufanya umuganda, na mkono ulioshika jembe asubuhi huwa mzito kushika kalamu jioni. Kiputo ni chumba kidogo. Maneno yakizidi humfunika mhusika. Kadhalika kuna suala la lugha. Kwa Kinyarwanda atasomwa na kila nyumba hapa nchini. Kwa Kifaransa au Kiingereza atafika mbali. Na kwa Kiswahili, ambacho sheria ya mwaka 2017 ilikifanya kuwa lugha rasmi ya Rwanda pamoja na hizo tatu, anaweza kusomwa kutoka Kigali hadi Bukavu, Mwanza na Mombasa. Kila lugha hudai kiputo cha ukubwa wake, na mchoraji mwenye busara huacha nafasi tangu siku ya penseli.

Siku ya saba ni ya hesabu. Hufungua daftari yake ya kazi, iliyo ndugu wa kitabu cha zamu cha kituo cha polisi, akaandika: wiki hii ukurasa mmoja umekamilika, au nusu, au hakuna. Daftari hiyo haitakiwi kusema uongo.

HESABU YA MAENDELEO

Kitabu cha picha cha desturi ya Ubelgiji na Ufaransa huwa na kurasa 48. Mwenye kukamilisha ukurasa mmoja kwa wiki atakimaliza kwa wiki 48, yaani mwaka mmoja kasoro mwezi. Mwenye nusu ukurasa atahitaji karibu miaka miwili. Ukiitazama hesabu hiyo siku ya kwanza unaweza kukata tamaa. Lakini ziko wiki nyingi katika miaka miwili, na zitapita zote, iwe umechora au hukuchora.

Mfano mkubwa kuliko yote unatoka New York. Art Spiegelman, mtoto wa Wayahudi wawili wa Poland walionusurika Auschwitz, alimhoji baba yake kisha akachora kitabu kiitwacho Maus, ambamo Wayahudi ni panya na Wajerumani wa Hitler ni paka. Alianza mwaka 1978, akakichapisha sura baada ya sura katika jarida ambalo yeye na mkewe Françoise Mouly walilitoa wenyewe, na akamaliza mwaka 1991. Ni kurasa karibu 300 kwa miaka 13. Ukigawanya, utaona kwamba hazifiki nusu ukurasa kwa wiki. Mwaka 1992 kitabu hicho kilipata Tuzo maalum ya Pulitzer, cha kwanza cha aina yake kupata heshima hiyo. Kama Spiegelman angepimwa mwishoni mwa wiki moja tu, angeitwa mvivu.

Hata hivyo tusidanganyane kuhusu ugumu. Mchoraji huru hulipa gharama za kupiga chapa kabla hajauza nakala moja. Rangi huongeza gharama, na ndiyo sababu wengi hubaki na nyeusi na nyeupe. Siku hizi wengine hupitisha kurasa zao kwenye simu kwa njia ya intaneti, ambako hakuna gharama ya karatasi, lakini pia si rahisi kumpata anayelipa. Na hapa kwetu kuna majira ambayo kazi husimama kwa sababu nyingine. Kila tarehe 7 Aprili ifikapo na taifa likaingia katika maombolezo, mashahidi wengi hawataki kuulizwa, na mchoraji mwenyewe huenda hana nguvu ya kufungua kichupa. Wiki hizo daftari huandikwa sifuri. Anayejua kazi hii haioni haya sifuri hiyo. Huiandika, akarudi mezani wakati ukifika.

ASKARI NA VIBONZO

Huenda msomaji mwenye sare bado anajiuliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu sana.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Sajenti Bill Mauldin wa Divisheni ya 45 ya jeshi la nchi kavu la Marekani alichora vibonzo vya askari wawili wa miguu, Willie na Joe, wasionyoa ndevu, waliojaa matope, wenye usingizi. Alikuwa pamoja nao Sicily na Italia, na alijeruhiwa huko. Jenerali Patton alichukizwa, akamwita mbele yake mwaka 1945 akamkaripia kwamba anaharibu nidhamu. Lakini Jenerali Eisenhower aliacha aendelee, kwani alijua kuwa askari aliye katika handaki akiona kuna mtu anayeijua taabu yake, moyo wake hupata nguvu. Mwaka huohuo Mauldin alipewa Tuzo ya Pulitzer akiwa na miaka 23.

Mwenzake Will Eisner, aliyeingia jeshini mwaka 1942, aligundua kwamba askari ambaye hasomi kitabu cha matengenezo ya gari atakisoma kikiwa cha picha. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1971 alisimamia jarida la matengenezo la jeshi la Marekani liitwalo PS. Na wakati wa vita vya Vietnam, bunduki za M16 zilipokuwa zikikwama mikononi mwa askari, ni kijitabu cha picha alichokichora yeye kilichowafundisha kuzisafisha. Mtu huyohuyo, mwaka 1978, akiwa na miaka 61, alitoa kitabu chake huru kilichofungua njia kwa wachoraji wa hadithi ndefu.

Karibu zaidi na sisi yuko Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Mwaka 2014 yeye na Christophe Cassiau-Haurie walitoa kitabu Madame Livingstone, kinachosimulia Vita Kuu ya Kwanza katika Ziwa Tanganyika na harakati za kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani, Graf von Götzen. Katika vita hivyohivyo majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliingia Kigali, Mei 1916. Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe mwaka huo, ikaja kuopolewa baadaye na kupewa jina la Liemba. Waafrika waliobeba risasi na chakula katika vita ile, wakafa njiani kwa njaa na maradhi, hawakuacha kumbukumbu zao wenyewe. Imepita karne moja ndipo wakapata mtu wa kuwachora.

Je, na sisi tungoje karne? Usiku mmoja wa katikati ya Juni 1994, wapiganaji wa Jeshi la Wazalendo la Rwanda, RPA, walipenya katikati ya Kigali hadi kituo cha Saint-Paul, nyuma ya mistari ya adui, wakawatoa mamia ya watu waliokuwa wakingojea kuuawa. Waliokuwa na miaka ishirini usiku ule sasa wamevuka hamsini. Wanastaafu. Wanajua nani alitangulia, nani alimbeba mtoto mgongoni, na njia ilipita wapi. Hayo hayamo katika ripoti, na wenyewe hawatakuwapo daima.

Kazi hii si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Askari wa doria anayechora ramani ya mkono ya bonde na daraja, na askari wa upelelezi anayechora mchoro wa eneo la tukio, akaonyesha gari lilisimama wapi na shahidi alisimama wapi, kila mmoja wao amekwisha kuchora kisanduku cha kwanza. Wamebakiza cha pili. Daftari moja ya kurasa arobaini, penseli moja na rula vinatosha kuanza. Anayejua kuchora achore. Asiyejua kuchora aandike tarehe, mahali na majina, amkabidhi anayejua.

Na wewe uliye zamu usiku huu, ukiiona taa moja ng'ambo ya bonde isiyozimika, usidhani kila mara ni mtu aliyesahau kuzima. Huenda ni mwenzako katika lindo. Wewe unawalinda walio hai wanaolala. Naye anawalinda wasioweza tena kujisemea, kisanduku kimoja baada ya kingine, hadi mwisho wa wiki afungue daftari aandike: ukurasa mmoja.